Kidole Kitembee na Sauti: Mwongozo wa Mwalimu na Mzazi Kumsaidia Mtoto Ajue Kusoma na Kuhesabu

Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka 17: miaka 11 katika shule moja ya kijijini upande wa Bahi, na iliyobaki hapa Dodoma mjini. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa la kwanza hadi la nne mwenye watoto wengi kuliko madawati, na wa mzazi au mlezi wa mtoto huyo. Mzazi, kama unasoma haya na jirani yako hajui kusoma, tafadhali msimulie, hasa hatua ya tano.

Ninachoamini ni hiki: mama asiyejua herufi hata moja anaweza kumsaidia mwanawe ajue kusoma, mradi mwalimu amwambie kwa maneno machache afanye nini jioni ya leo. Kuyapata maneno hayo machache ni kazi ya mwalimu, na hatayapata kama hajui mtoto amekwama wapi. Kwa hiyo tunaanzia darasani.

Hatua ya kwanza: pima kila mtoto, mmoja mmoja

Shule zikifunguliwa Januari, usikimbilie ukurasa wa kwanza wa kitabu. Chukua karatasi ya manila, ikate vipande vinne. Kwenye cha kwanza andika herufi kumi zisizofuatana. Cha pili, maneno kumi ya silabi mbili: kuku, meza, jiko, paka. Cha tatu, sentensi mbili. Cha nne, kihadithi cha mistari sita na maswali mawili ambayo utayauliza kwa mdomo. Kwa hesabu andaa kipande kingine chenye namba za kutambua, kujumlisha kidogo, kutoa kwepesi na kutoa kunakohitaji kukopa makumi.

Utaratibu huu si uvumbuzi wangu. Watafiti wa mpango uitwao Uwezo, walioanza mwaka 2010 kupita nyumba kwa nyumba wakipima watoto wa Tanzania, walitumia majaribio ya namna hii ya kiwango cha darasa la pili, hata kwa watoto wa madarasa ya juu. Mimi nimeuchukua tu na kuuingiza darasani.

Mwite mtoto nje, chini ya mti, wenzake wakiwa na kazi ya kuandika. Dakika 3 zinamtosha. Watoto 80 ni dakika 240, yaani saa 4. Ukipima 10 kila siku, siku ya nane umemaliza. Mpe ngazi: 0 kama herufi zinamshinda, 1 kama anajua herufi, 2 maneno, 3 sentensi, 4 hadithi. Andika jina, tarehe na ngazi kwenye daftari lako. Daftari hilo usiliache ofisini wala kulipeleka kwa mtu akapangie watoto nafasi. Ni lako la kufanyia kazi.

Kihadithi kitunge mwenyewe. Ukikitoa kitabuni utadanganyika, kwa sababu darasa zima limeshakiimba mara ishirini, na mtoto mwenye masikio mazuri atakisoma chote bila kukwama huku macho yake yako juu kwenye bati. Niliwahi kudanganyika hivyo miaka mingi. Mtoto anapanda darasa la tatu, la nne, kila mtu anajua anasoma, mpaka siku anapokutana na ukurasa ambao hakuna aliyemwimbia.

Na usishtuke na utakachokiona. Darasa la tatu langu la kwanza mjini lilikuwa na watoto wa ngazi zote tano, kuanzia asiyejua herufi hadi anayesoma gazeti la baba yake. Kulifundisha darasa kama hilo kwa sauti moja, kutoka ukurasa mmoja, ni kuwaacha wengi njiani.

Hatua ya pili: kipindi kimoja, jambo moja

Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, kuanzia la tatu ni 40. Toa muda wa kugawa vitabu, wa kunyamazisha na wa waliochelewa, utabaki na dakika 20 za kufundisha. Dakika 20 zinabeba jambo moja. Kwenye andalio la somo liandike kwa namna ambayo mtu mwingine akiingia darasani anaweza kuliona: "Mwisho wa kipindi mtoto atasoma maneno sita yenye nya, nye, nyi." Ukiandika "wanafunzi waelewe silabi," hutajua kama wameelewa.

Dakika 5 za mwanzo ziwe za kukumbuka, madaftari yamefungwa. Uliza la jana, la juzi na moja la wiki iliyopita. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha alichokipata mwaka 1885: kusahau kunakwenda kasi sana saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo somo la Jumatatu lisipoguswa hadi mtihani wa mwisho wa mwezi, limeshapotea, na wewe utarudi kulifundisha upya ukidhani watoto ni wazito. Mtoto akilazimika kulivuta mwenyewe kutoka kichwani, litakaa zaidi kuliko akilitazama tena ubaoni.

Sasa niseme kuhusu maswali, maana hapa ndipo tunapoteza watoto wengi bila kujua. Sote tunaijua hii: "Tumeelewaaa?" "Ndiyooo mwalimuuu!" Darasa zima limeitikia, na hujajua chochote. Hata watatu waliokuwa wakichonga penseli wameitikia.

Fanya hivi. Uliza swali. Nyamaza. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu. Ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, wenzake wote 79 wamepumzika, swali si lao tena. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza jambo hili miaka ya 1970 akakuta walimu wengi husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kujibu wenyewe au kumrukia mtoto mwingine. Walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto zaidi wakajitokeza kujibu. Sekunde 3 mbele ya darasa ni ndefu mno. Wiki ya kwanza zitakuunguza. Vumilia, kwa kuwa mtoto anayewaza kwa Kigogo na kutafuta neno la Kiswahili anazihitaji zote tatu.

Kwa hesabu tumia vidole. "Tisa toa tano. Fikiri. Onyesha." Kila mtoto anaweka vidole kifuani, si juu hewani, ili jirani asinakili. Kwa kutazama mara moja tu utawaona waliokosea, tena wote. Hutahitaji kununua chochote. Vihesabio navyo vimejaa tele mkoani kwetu: mbegu za ubuyu, na mabua ya mtama yaliyokatwa na kufungwa kumikumi. Mtoto akifungua fungu la kumi kwa mikono yake ili atoe saba, ameshaelewa kukopa.

Mara mbili kwa wiki, wagawe kwa ngazi zile ulizoandika. Wa ngazi ya 4 wasome wawili wawili, mmoja akisoma na mwingine akiuliza maswali. Wa 2 na 3 wajenge maneno kwa kadi za silabi. Wewe kaa chini na wa 0 na 1. Walimu wengi hufanya kinyume, wanakaa na wanaojua kwa sababu ndio wanaofurahisha, na kiongozi wa darasa anaachiwa wasiojua. Aliye nyuma kabisa ndiye anayemhitaji mwalimu aliyesomea kazi hii.

Na fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, tena viandikwe kwenye kitabu maalumu. Jibu lisilo sahihi halimo humo. Mtoto aliyechapwa kwa kukosea hesabu anajifunza kutonyoosha mkono, na ukishalipoteza jibu lake lisilo sahihi, umepoteza njia pekee ya kujua alipokwama.

Ukikwama wewe, peleka tatizo kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shule yenu, kwenye vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Lipeleke likiwa dogo: "Watoto wangu 14 wanachanganya b na d, ninyi mnafanyaje?" Nimepata msaada mwingi zaidi kwa swali la namna hiyo kuliko kwa semina nzima.

Hatua ya tatu: andika kwenye daftari kitu kinachosaidia

Vema nyekundu na neno "Vizuri" havimwambii mtu chochote. 4/10 nayo inamwambia mzazi kwamba mwanawe amefeli, basi. Andika sentensi moja inayotaja anachoweza na kinachofuata: "Anasoma maneno ya silabi mbili. Ya silabi tatu bado." Huwezi kuandika hivyo kwenye madaftari 80 kila siku, wala hutakiwi. Chukua 20 kwa siku, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na kila mtoto atakuwa ameandikiwa mara moja kwa wiki. Mengine sahihisheni pamoja ubaoni.

Hatua ya nne: ujumbe mmoja kila Ijumaa

Ijumaa, kabla ya kuwaruhusu, wape watoto ujumbe mmoja wa kupeleka nyumbani. Wausome, wausikie, wauseme mpaka uingie, kwa sababu utasafiri kwa mdomo wao. Ujumbe uwe ni kitendo ambacho mzazi yeyote anaweza kukifanya na kukiona kimefanyika. "Wasaidieni watoto kusoma" si ujumbe. Huu ndio ujumbe: "Wiki hii, kila jioni mtoto akuonyeshe maneno matano nyumbani au njiani yenye herufi m: kwenye gunia, kwenye sabuni, kwenye ukuta wa duka." Au: "Mtoto ahesabu mbuzi wakiingia zizini, mbili mbili."

Nyuma ya daftari mtoto achore visanduku vitano. Kila jioni mlezi akishamsikiliza, achore duara kwenye kimoja. Asiyejua kuandika jina lake anajua kuchora duara, na hapaswi kuonekana mpungufu mbele ya mwanawe. Ijumaa inayofuata unapita ukihesabu maduara. Aliyeleta mawili msifu kwa mawili hayo. Ukimgombeza kwa matatu yaliyokosekana, wiki ijayo atayachora mwenyewe njiani.

Kuhusu simu: wenye simu janja ni sehemu tu ya wazazi wako, na bando lina bei. Kundi la WhatsApp lisiwe ndiyo njia yako pekee. Kwa wenye kitochi tuma ujumbe mfupi. Kwa wenye simu janja, ujumbe wa sauti wa sekunde 30 unamfikia hata asiyesoma, na bibi anaweza kuusikiliza mara tatu. Alama za mtoto usiziweke kundini hata siku moja.

Hatua ya tano: jioni nyumbani

Hii ni yako, mzazi, mlezi, bibi, shangazi, kaka mkubwa. Yeyote mtoto anayelala kwake.

Mwaka mmoja kule kijijini nilikuwa na mtoto wa darasa la pili ambaye kwao alisifika kwa kusoma. Mama yake, mkulima wa majaruba ya mpunga, alikuja shuleni na swali la haki kabisa: "Mwalimu, mwanangu kila jioni ananisomea ukurasa mzima, na wewe unaniandikia hajui. Nimwamini nani?" Nilimkaribisha kwenye baraza la darasa, nikamwita mtoto na kitabu chake. Akasoma ukurasa wa kuku na vifaranga, wote, bila kukwama. Nikamwomba mama afunike picha kwa kiganja. Mtoto akaendelea, ila sauti ikashuka. Kisha nikampa mama kipande cha ubua, nikamwambia aguse neno lolote analotaka yeye. Akagusa moja katikati ya mstari wa tatu.

Mtoto akanyamaza. Halafu nikaona midomo yake inacheza: alikuwa anaanza tena kimyakimya kutoka mstari wa kwanza, akihesabu maneno mpaka afike pale penye ubua. Mama hakulijua lile neno, lakini alichokiona alikielewa kuliko alama zangu zote za mwaka ule. Akauliza, "Kwa hiyo niwe namgusia hivi?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, maneno matano tu kila jioni, popote utakapopenda." Shule zilipofungwa Juni, mtoto yule alikuwa amepanda ngazi mbili.

Tangu siku ile nimewafundisha wazazi mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kujua kusoma. La kwanza, kidole kitembee na sauti: mtoto aguse kila neno anapolitamka, na kama mdomo umemaliza mstari kidole kikiwa bado katikati, hasomi, anakumbuka. La pili, mguso wa popote, kama alivyofanya mama yule. Mtoto anayerudi mwanzo ili alifikie neno bado hajalijua. La tatu, tafuta kwenye ukurasa maneno mawili yenye umbo moja kabisa. Gusa la kwanza, usikilize. Gusa la pili. Yakitamkwa tofauti, mwambie, "Mbona yanafanana, mwanangu? Hebu tazama tena." Usimpige wala usimcheke. Jumatatu mwambie mwalimu, au mtume mtoto aseme.

Muda ni dakika 20, kabla giza halijaingia, maana mafuta ya taa ni gharama na taa ya sola wakati mwingine inakuwa na watu watano wanaoigombea. Chagua saa moja ileile kila siku ili isihitaji ubishi. Na hapa naomba nikusihi kuhusu binti. Mvulana akishafungia mbuzi, kazi yake imeisha. Msichana ametoka shule, ameenda kisimani, amewasha moto, amebeba mdogo wake, na ikifika zamu ya daftari giza limeshaingia. Zile dakika 20 zake zilindwe na mtu mzima: mtu mwingine akamate mwiko au mtoto mchanga mpaka amalize. Sijaona msaada wa nyumbani uliowainua wasichana wangu kama huo, na haugharimu shilingi.

Usimuulize "Umesoma nini leo?" Atajibu "Tumesoma Kiswahili," na mazungumzo yameisha. Mwambie "Nifundishe." Mtoto akimweleza babu yake jinsi ya kugawanya, atakwama pale pale ambapo hajaelewa, na atalijua mwenyewe.

Hesabu zipo tele. Debe la karanga ni lita 20, kisado lita 4: visado vingapi vinajaza debe? Ukiuza kila kisado kwa bei ya leo, debe zima litaleta shilingi ngapi? Muache ahesabu kwa mawe, kwa vidole, kwa mkaa ukutani. Akitumwa dukani, akupe chenji huku akikueleza ilivyopatikana.

Hadithi nazo zitambwe kwa lugha ya nyumbani. Wazazi wengi wa Kigogo, Kirangi na Kisandawe nimewasikia wakijikaza kuongea Kiswahili na watoto ili "wasichelewe shule." Nia ni njema, lakini mtoto aliyezoea kufuata hadithi ndefu ya sungura na fisi kwa Kigogo, na kueleza kwa nini fisi alidanganyika, tayari ana uwezo ambao kitabu kitauhitaji. Maneno ya Kiswahili tutamwongezea sisi shuleni. Ila mwalimu naye asimwaibishe mtoto kwa lugha ya kwao. Ukisalimia darasa kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", asubuhi ya kwanza ya shule, utaona nyuso zinavyofunguka.

Hatua ya sita: kikao ambacho mzazi atataka kurudi

Miaka yangu mitano ya mwanzo niliwaita wazazi kwa sababu mbili tu, makosa na michango. Wakajifunza kunikwepa, hata sokoni, na sikuwalaumu baadaye nilipoelewa. Mtu anayeitwa ili aonywe au adaiwe atatuma mtoto mwingine aseme "mama amesafiri."

Panga kikao mapema, mkishauriana na mwenyekiti wa kijiji, ili kisigongane na siku ya mnada wala wiki za kupalilia. Kianze saa 10 jioni, kiishe kabla ya saa 12, na ahadi ya muda itimizwe. Mambo ya michango yaende kwenye mkutano wa kamati ya shule, siku nyingine kabisa.

Wazazi wakifika, kila mmoja apewe daftari la mwanawe na akae na wenzake wa kitongoji kimoja, nane au kumi. Katika kikao cha watu 100 wanaume watano watasema na akina mama watasikiliza. Katika duara la watu nane kila mtu ana la kusema. Chukua dakika 10 kuwaonyesha kile cha kidole na sauti, ukitumia mtoto mmoja aliyekubali, tena anayejua, asije akaaibika. Kisha kila mzazi ajaribu na mwanawe hapohapo. Wewe na wenzako mpite kwenye duara. Kwa kila mzazi sema jambo moja ambalo mwanawe ameweza tangu mlipoonana, kisha jambo moja la kufanya. Kama huna la kumsifu mtoto fulani, tatizo liko kwenye daftari lako, rudi ukamtazame vizuri kabla ya kikao.

Usisome matokeo kwa sauti, wala wa kwanza, wala wa mwisho. Baba wa mtoto wa mwisho yupo pale na majirani zake.

Kina baba waite kwa kuwataja. Barua inayosema "mzazi" wanaielewa ni ya mama. Mtoto akiambiwa "mwalimu anamwomba baba aje aone hesabu zako," baba wengi huja, tena wamevaa vizuri. Kama shule yenu ina UWAWA, ule ushirikiano wa wazazi na walimu, mikononi mwake ndimo vikao hivi vinapostahili kuwa, na mwenyekiti wake awe mzazi anayesikilizwa kijijini hata kama hakusoma.

Hatua ya saba: msimu wa ndege

Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mtama na uwele vikianza kukomaa, kwelea kwelea wanashuka kwa makundi, na watoto wanatolewa shule kwenda kulinda. Nimewahi kuingia darasani mwezi wa nne nikakuta theluthi ya watoto hawapo. Wakirudi baada ya wiki tatu, wenzao wako mbali, na kule kukata tamaa ndiko kunakowatoa moja kwa moja.

Usiende kwenye nyumba hiyo na mtendaji siku ya kwanza. Ukienda naye umeenda na faini. Nenda na mwalimu mwenzako, jioni, ukae unapokaribishwa, "Shikamoo babu," uulize hali ya shamba kabla ya kuuliza mtoto yuko wapi. Hofu yao ni ya kweli: kundi la kwelea kwelea linaweza kumaliza chakula cha mwaka. Kisha zungumzeni zamu. Ndege hushambulia zaidi asubuhi na jioni, jua la mchana likiwaka wao hutulia. Mashamba yanayopakana yanaweza kuwa na mlinzi mtu mzima wa zamu asubuhi, na watoto wakasaidia baada ya shule. Tulifanya hivyo kwa kitongoji kimoja baada ya kuzungumza na mwenyekiti wao Februari, kabla mtama haujachanua, na ilituchukua mikutano miwili. Ukingoja hadi ndege wafike, hakuna atakayekusikiliza.

Kwa mtoto ambaye haiwezekani kabisa kumtoa shambani, mpe karatasi: maneno kumi, hesabu kumi, kihadithi. Siku akirudi mpime kwanza, usimwadhibu kwanza.

Hatua ya nane: uji

Nitakuwa mfupi, maana linaeleweka. Mtoto aliyetembea kilomita kadhaa bila kula, ikifika saa 5 hakusikii. Elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo ulieleza wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vimebaki kwa mzazi. Kinachokosewa ni wakati wa kukusanya. Shule nyingi huomba nafaka Januari, mwezi ambao maghala ya Wagogo yamekauka. Omba Juni na Julai, mavuno yakiwa bado uwanjani, wazazi wakubaliane kiasi wenyewe mkutanoni, ihifadhiwe shuleni kwenye magunia yanayozuia dumuzi, na funguo mbili za stoo zikae kwa watu wawili tofauti, mmoja wao mzazi.

Hatua ya tisa: pima tena

Wiki mbili kabla ya kufunga Juni, rudi chini ya ule mti na vipande vipya vya manila, ngazi zilezile, maneno mengine. Andika tarehe ya pili na ngazi ya pili kando ya zile za Januari. Novemba andika ya tatu.

Waliopanda waambie wazazi wao siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Kisha chora mstari chini ya majina ambayo namba zake mbili hazijabadilika. Hao ndio utakaoanza nao kuwatembelea kabla likizo haijaisha. Nenda na daftari lako, na ukishakaribishwa, kabla hujasema lolote kuhusu mtoto, waulize wao nyumbani wameona nini.